Mbwa, waya na miteremko ya Kirimara: uwindaji unaommaliza bongo wa milimani

Waya wa breki ya baiskeli, usiozidi urefu wa mita 2 na unaopatikana kwa fundi yeyote wa kando ya barabara, unatosha kumuua mnyama anayeweza kuzidi kilo 300, na waya huo ndio unaoamua leo kama bongo wa milimani, swala mkubwa kuliko wote wanaoishi katika misitu ya Afrika, ataendelea kuwako katika Mlima Kenya au atasalia picha katika vitabu vya shule.

Waya huo hupindwa kuwa kitanzi, yaani duara linalozidi kukaza kadiri mnyama aliyenaswa anavyojivuta, kisha hufungwa kwenye shina la mti au gogo zito na kutegwa katikati ya njia ya wanyama, kwa kimo cha shingo au cha mguu kulingana na mnyama anayekusudiwa. Mtegaji huweza kurudi baada ya siku 3, baada ya wiki, au asirudi kabisa iwapo ameona nyayo za askari, na kitanzi huendelea kungoja kwa sababu hakihitaji mtu wa kukilinda.

Ukanda wa mianzi, ulio takriban kati ya mita 2,400 na 3,000 juu ya usawa wa bahari, ndio kimbilio la bongo, na ndiyo sehemu ya mlima iliyo ngumu zaidi kwa binadamu kupita. Mito inayoteremka kutoka vileleni imeuchanja mlima kuwa migongo myembamba na mabonde yenye kingo kali, mianzi imesongamana kiasi kwamba jicho halioni hatua 10 mbele, na ukungu unaposhuka, hata mtu aliyezaliwa ukingoni mwa msitu hulazimika kusimama na kusikiliza sauti ya maji ili ajue yuko bonde gani.

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, linakadiria kwamba bongo wa milimani waliosalia porini hawafiki 100, na wote wako Kenya: katika safu ya Aberdare, katika misitu ya Mau na Eburu, na katika mlima huu ambao Ameru wanauita Kirimara na ambao kilele chake cha Batian kina mita 5,199.

Mtaa wa Dallas, mjini Embu, uko chini ya mianzi hiyo kwa zaidi ya mita 1,000 za kimo, na mkazi wake anaweza kuishi miaka mingi bila kukanyaga msituni, ingawa asubuhi isiyo na mawingu mlima wote husimama mbele yake, na ingawa Mto Rupingazi unaopita kando ya mji huanzia katika msitu huo huo. Suala la uwindaji wa mlimani linamhusu mkazi huyo kama linavyomhusu mkulima wa chai wa ukingoni, kwa kuwa msitu uliokwisha wanyama haukawii kukosa walinzi, na msitu usio na walinzi haukawii kukosa miti.

Milima isiyo na dubu

Katika nchi nyingi za milima mirefu duniani, mnyama anayebeba mzigo wa mjadala wa aina hii ni dubu. Romania, yenye dubu wengi wa kahawia katika milima ya Carpathian, ilisitisha uwindaji wao wa kibiashara mwaka 2016, lakini Julai 2024, siku chache baada ya kijana aliyekuwa akipanda milima kuuawa na dubu, bunge la nchi hiyo liliidhinisha kuuawa kwa dubu 481, na mabishano kati ya wanaowalinda na wanaoishi nao yakaanza upya.

Afrika ilikuwa na dubu wake mmoja tu, dubu wa milima ya Atlas huko Kaskazini, ambaye aliwindwa na kukosa makazi hadi akatoweka katika karne ya 19. Kenya haijawahi kuwa na dubu, licha ya masimulizi ya walowezi wa mwanzoni mwa karne ya 20 kuhusu yule waliyemwita dubu wa Nandi, kiumbe aliyefungamanishwa na chemosit wa hadithi za Wakalenjin, na ambaye hakuna ngozi wala fuvu lake lililowahi kupatikana.

Hata hivyo, ufundi unaotumiwa kumwinda dubu katika nchi ya miinuko ndio unaotumiwa kumwinda bongo, na sababu yake ni maumbile ya ardhi yenyewe. Mwindaji hawezi kumkimbiza mnyama kwenye mteremko mkali wenye vichaka, hawezi kumwona kwa mbali, na harufu yake humtangulia upepo unapopanda bondeni. Kwa hiyo humtuma mbwa. Katika milima ya North Carolina, Marekani, wafugaji walikuza kabila maalumu la mbwa liitwalo Plott kwa kazi hiyo, mbwa asiyetakiwa kumuua dubu bali kumfuata, kumzingira na kubweka bila kukoma mpaka mwenye bunduki afike.

Mbwa wa ukingoni mwa Mlima Kenya hawana kabila wala vyeti, na wengi hulinda boma usiku na kufuata wachungaji mchana, lakini kazi wanayoifanya msituni ni ile ile.

«Silika iliyomwokoa bongo mbele ya chui ndiyo inayomwangamiza mbele ya mbwa.»

Mnyama anayesimama

Bongo ni mnyama wa alfajiri na jioni, mwenye rangi ya kahawia iliyoiva, mistari myeupe ya wima ubavuni na pembe zilizojisokota kidogo, ambazo dume na jike wote wanazo. Hula majani, vichipukizi na mimea ya chini, huzaa ndama mmoja baada ya mimba ya takriban miezi 9, na katika siku za mwanzo humficha ndama huyo kichakani na kumrudia ili anyonye. Mnyama anayeongezeka kwa mwendo huo hawezi kufidia upesi majike wanaopotea.

Anaposhtuka, hulaza pembe zake mgongoni na kupenya mianzi kwa kasi isiyotarajiwa kwa ukubwa wake. Lakini anapofuatwa na mbwa kwa muda, hugeuka na kuwakabili, mara nyingi akiwa amesimama ndani ya kijito au akiwa ameegemeza sehemu ya nyuma kwenye ukingo. Kwa chui mmoja, pembe zinazomkabili ni sababu ya kutosha ya kuondoka. Kwa kundi la mbwa watano wanaobweka kwa zamu, kusimama huko ni kumpa mwindaji nafasi ya kushuka bonde taratibu, mkuki mkononi, bila haja ya bunduki na bila mlio utakaosikika kwenye kituo cha askari.

Jambo hili linaeleza mengi ambayo takwimu peke yake haziwezi kueleza. Majangili wa ndovu hutafutwa kwa mlio wa risasi, kwa njia za pembe za ndovu kuelekea bandarini na kwa fedha zinazobadilisha mikono. Uwindaji wa mbwa na waya hauna mlio, hauna bandari, na mara nyingi hauna hata nia ya kumpata bongo, kwa kuwa kitanzi kilitegewa mbawala au paa.

Athi, walowezi na watekaji

Kuwinda katika mlima huu hakukuanza na umaskini wa leo. Jeffrey Fadiman, mwanahistoria aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Meru na kuyachapisha katika kitabu mwaka 1993, anaeleza habari za athi, yaani wawindaji wa msituni waliokuwa jamii ndani ya jamii, ambao waliyalinda maeneo yao ya mawindo kwa alama za laana ili wafugaji na wakulima wasiyaingie. Wenye ng'ombe na mbuzi, kwa upande wao, waliitazama nyama ya porini kuwa chakula cha wasio na mifugo, na mtazamo huo, pamoja na hofu ya laana, ulikuwa uzio kabla ya uzio.

Ni kosa kudhani kwamba uzio huo wa imani ulikuwa jambo dogo. Uliwaweka watu wachache msituni, wenye ujuzi na mipaka, na ukawazuia wengi. Na hakuna sheria iliyoandikwa baadaye iliyowahi kufanikiwa kufanya hivyo kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Sotoka, tauni ya ng'ombe iliyoikumba Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, iliwaua pia wanyamapori wa jamii ya ng'ombe na swala, na bongo hawakusalimika. Mwaka 1902 mwanasayansi Oldfield Thomas wa London alimwandika rasmi bongo wa milimani, na jina lake la kisayansi, isaaci, likatokana na Mwingereza Isaac aliyepata sampuli. Tangu hapo wawindaji matajiri walimtafuta kama mojawapo ya nyara ngumu zaidi barani, neno nyara likimaanisha kichwa, pembe au ngozi inayohifadhiwa kama kumbukumbu ya mawindo, na waliowaongoza msituni walikuwa mara nyingi wale wale wenyeji waliojua njia za wanyama, pamoja na mbwa wao.

Wakati wa vita vya Mau Mau, kuanzia mwaka 1952, misitu ya Mlima Kenya na Aberdare iligeuka kuwa nyumba ya wapiganaji waliotega wanyama kwa kamba na waya ili waishi, huku ndege za Waingereza zikiidondoshea mabomu. Ujuzi wa kitanzi, ambao hapo awali ulikuwa wa wachache, ulienea katika kizazi kizima kilichokuwa kikipigania ardhi yake.

Baada ya uhuru akaja mtekaji. Katika miaka ya 1960 na 1970, makumi ya bongo walikamatwa wakiwa hai, hasa katika safu ya Aberdare, na kusafirishwa kwenda bustani za wanyama za Marekani na Ulaya, na wakati huo wapo waliouona utekaji huo kuwa hasara nyingine kwa msitu. Leo uzao wa wanyama hao ndio akiba kuu ya nasaba ya bongo wa milimani, kwa kuwa wanaofugwa duniani ni mamia kadhaa huku ndugu zao wa porini wakiwa wamepungua mwaka hadi mwaka.

Upungufu huo haukuletwa na waya peke yake. Upande wa Uganda wa Mlima Elgon bongo walitoweka mapema katika karne ya 20. Katika Aberdare, simba walioletwa katika hifadhi hiyo waliwashambulia hadi ikabidi simba wenyewe waondolewe. Na katika Mlima Kenya wenyewe, uchunguzi wa angani uliofanywa na KWS mwaka 1999 ulionyesha ukataji wa miti, uchomaji wa makaa na mashamba ya bangi yaliyofichwa ndani ya msitu, hali iliyoifanya serikali mwaka 2000 kukabidhi usimamizi wa hifadhi hiyo ya msitu kwa KWS.

Sheria inayosoma nia, waya usiosoma

Tarehe 19 Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara. Marufuku hiyo haijawahi kuondolewa, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, iliiweka katika vifungu vyenye adhabu kali.

Kama ilivyopitishwa, sheria hiyo iliugawa uwindaji kwa kusudi lake. Anayewinda kwa ajili ya chakula cha nyumbani alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi 6; anayewinda au kushughulika na biashara ya nyama ya porini, faini isiyopungua shilingi 200,000 au kifungo kisichopungua mwaka 1; na anayetenda kosa dhidi ya mnyama aliye hatarini kutoweka, faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha.

Mgawanyo huu ni wa haki kwenye karatasi, kwa sababu unatambua kwamba baba anayetafuta kitoweo si sawa na mfanyabiashara wa nyama. Tatizo ni kwamba ngazi zote tatu za kosa hutumia chombo kimoja. Kitanzi kilichotegewa mbawala kwa ajili ya chungu cha nyumbani humnasa bongo bila kumuuliza mtegaji alikusudia nini, na mtu aliyeingia msituni akiwa na kosa la miezi 6 hutoka akiwa na kosa la maisha. Anayejikuta katika hali hiyo ana kila sababu ya kuuficha mzoga, kuuzika au kuwapa mbwa, na hivyo hata kifo chenyewe cha bongo hakiandikwi popote.

«Mtu aliyeingia msituni akiwa na kosa la miezi 6 hutoka akiwa na kosa la maisha.»

Pande zinazovutana

Wanaotetea marufuku kamili, wakiwamo maofisa wa uhifadhi na mashirika mengi ya kutetea wanyama, wanasema kwamba nchi yenye uchumi unaotegemea watalii wa kamera haiwezi kufungua mlango wa bunduki hata kidogo, kwa kuwa kibali kimoja halali huwa kificho cha mauaji kumi yasiyo halali. Kwao, jibu la mlimani ni askari zaidi, vikosi vya kuondoa mitego na uzio wa umeme ambao shirika la Rhino Ark, lililokwisha kuizungushia safu ya Aberdare, lilianza kuujenga kuzunguka Mlima Kenya mwaka 2012.

Upande wa pili unasema marufuku ya 1977 iliwanyang'anya wenyeji thamani ya mnyama na kuwaachia hasara yake. Mbunge wa Laikipia Magharibi, G. G. Kariuki, alipeleka bungeni mswada wa kurekebisha sheria ya wanyamapori, nao ukapitishwa Desemba 2004, lakini Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini baada ya upinzani mkubwa wa waliohofia kwamba ungerudisha uwindaji wa burudani. Watetezi wa msimamo huu huitaja Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii ni halali katika vitalu, yaani maeneo yaliyopimwa na kukodishwa kwa kampuni za uwindaji, na ambako baadhi ya vijiji vyenye maeneo ya jumuiya ya hifadhi hupata sehemu ya mapato.

Kuna pia Dallas nyingine. Katika jiji la Dallas, jimbo la Texas, yako makao ya Dallas Safari Club, chama cha wawindaji ambacho Januari 2014 kiliuza kwa mnada kibali cha kumuua kifaru mweusi mmoja wa Namibia kwa dola 350,000, kwa ahadi kwamba fedha hizo zingehifadhi vifaru wengine. Katika misitu ya Kameruni wageni hulipa kumwinda bongo wa nyanda za chini, ndugu wa huyu wa milimani, na wanapomwinda hutumia mbwa.

Hoja ya kuuza uwindaji ili kuhifadhi ina uzito mahali ambapo wanyama ni wengi, lakini haiwezi kusimama juu ya mianzi ya Meru na Embu. Idadi isiyofika 100, iliyotawanyika katika misitu minne isiyoungana, haina mnyama wa ziada wa kuuza. Kila dume mzee anayedaiwa kuwa amekwisha kazi anaweza kuwa ndiye dume pekee wa bonde lake. Kuzungumzia mnada katika hali hiyo ni kuuza mbegu wakati wa kupanda.

Lakini kukataa mnada hakumalizi deni. Upande wa tatu, ambao sauti yake husikika kidogo katika mikutano ya Nairobi, ni wa wakulima wanaopakana na msitu, kuanzia maeneo ya Irangi upande wa Embu hadi Imenti upande wa Meru. Ndovu na nyani huteremka katika viazi na mahindi yao. Sheria ya 2013 iliahidi fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu na hadi milioni 2 kwa majeraha, lakini malimbikizo ya madai yasiyolipwa yamekuwa malalamiko ya miaka mingi katika kaunti zote zinazopakana na hifadhi. Mkulima anayengoja fidia kwa miaka huona msitu kuwa jirani anayekula kwake bila kumkaribisha kwake.

Mahali ambapo mkulima huyo amepewa nafasi, hali hubadilika. Vyama vya jamii vya misitu, vilivyotambuliwa na sheria ya misitu ya mwaka 2005, huwapa wanachama haki ya kuokota kuni, kulisha mifugo kwa kibali na kulima katikati ya miche ya miti chini ya mpango uitwao PELIS, kwa sharti la kuitunza miche hiyo. Na ukanda wa chai wa Nyayo, ulioanzishwa mwaka 1986 kuwa kizuizi kati ya mashamba na msitu, umetoa kazi ya kuchuma majani kwa watu ambao nyumba zao zinapakana na miti. Vikosi vya kuondoa mitego, vinavyoendeshwa na KWS kwa kushirikiana na mashirika kama Mount Kenya Trust, huajiri vijana wa ukingoni, kwa sababu anayejua kuona kitanzi kilichofichwa ni yule aliyekulia mahali vitanzi vinapotegwa.

Kurudi Meru

Mwaka 2004 bongo 18 waliozaliwa katika bustani za wanyama za Marekani walirudishwa Kenya na kupokewa katika hifadhi ya Mount Kenya Wildlife Conservancy karibu na Nanyuki, ambako wamezaliana hadi kundi likafikia takriban 100. Machi 2022 hifadhi hiyo ilifungua eneo la Mawingu, lenye ekari 776 ndani ya msitu wa mlima, na kuanza kuwahamishia humo bongo wachache ili wazoee kujitafutia chakula bila kulishwa, kwa kuwa mnyama aliyezoea ndoo ya chakula na harufu ya binadamu hana hofu inayomtosha porini.

Februari 2025 bongo wengine 17 walitua Nairobi kutoka Florida, kwa juhudi za taasisi ya Rare Species Conservatory Foundation, na kupelekwa kaunti ya Meru, katika eneo lililotengwa kwenye misitu ya Marania na Mucheene. Mpango wa taifa wa kumrejesha bongo wa milimani, uliozinduliwa mwaka 2019, umeweka shabaha ya kufikia bongo 750 katika muda wa miaka 50, na hatua hiyo ya Meru ni sehemu ya safari hiyo ndefu.

Marania si mahali palipochaguliwa kwa bahati. Iko karibu na ushoroba, yaani njia iliyotengwa kwa ajili ya wanyama kupita, unaouunganisha mlima na hifadhi ya Lewa, na ambao tangu mwaka 2011 una njia ya chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru ili ndovu wavuke bila kukutana na magari. Kaunti ya Meru imeanza kuhesabu mapato ya watalii watakaokuja kumwona bongo, na wazee wa Njuri Ncheke, baraza la kimila la Ameru ambalo kwa vizazi limesimamia misitu mitakatifu, wana nafasi ambayo hakuna askari anayeweza kuichukua, kwa kuwa katazo lao huingia nyumbani mahali hati ya mahakama haifiki.

«Uzio wa umeme humzuia ndovu, mbwa hupitia langoni asubuhi pamoja na waokota kuni.»

Kuhesabu mbwa

Ndani ya uzio wa maeneo kama Mawingu na Marania, hatari ya waya inaweza kudhibitiwa kwa doria za kila siku, lakini shabaha ya bongo 750 haitafikiwa ndani ya uzio. Siku moja wanyama hao, au watoto wao, watafunguliwa kuingia katika mianzi ile ile ambamo ndugu zao walimalizwa. Uzio wa mlima wenyewe, hata utakapokamilika, una malango kwa ajili ya wenye vibali vya kuni na malisho, na mbwa wanaowafuata hawaandikwi na yeyote.

Hapo ndipo mipango yote iliyotajwa inapoonekana kuwa na pengo. Kuna kamera za kujipiga zenyewe zinazofungwa kwenye miti kuhesabu bongo, kuna uchunguzi wa vinyesi maabara kutambua nasaba zao, na kuna hesabu ya mitego inayoondolewa, lakini idadi ya mbwa wanaoishi ndani ya kilomita chache kutoka ukingo wa msitu, majina ya wenyewe na magonjwa waliyo nayo havimo katika hesabu hizo. Mbwa asiyechanjwa ni tishio mara mbili, kwa kuwa huwinda wanyama na pia huwapelekea magonjwa, ikiwa ni pamoja na kichaa cha mbwa.

Kenya tayari ina mkakati wa taifa wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa, wa mwaka 2014 hadi 2030, ambao nguzo yake ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka, na kazi hiyo hufanywa na maofisa wa mifugo wa kaunti katika viwanja vya shule na masokoni. Ikiwa kampeni hizo zingeanza kila mwaka katika kata zinazopakana na msitu, na ikiwa kila mbwa anayechanjwa angevishwa ukanda wenye namba ya boma lake, basi mbwa akikutwa kwenye mianzi ya Kirimara angekuwa na mwenyewe wa kuulizwa, na bwana mifugo wa Meru au Embu, ambaye hajawahi kuhesabiwa kuwa mhifadhi wa wanyamapori, angekuwa amefanya kazi ya doria kwa sindano na daftari.